Waipa Zikikataa Mvuani: Fuata Njia ya Umeme Kabla ya Kununua Mota

Mvua ndefu huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Zikiisha, ukungu mzito hutanda Limuru, Lari na Kinale kati ya Juni na Agosti, hasa alfajiri na usiku. Kisha mvua fupi huingia Oktoba. Kwa hivyo dereva wa Kaunti ya Kiambu, awe wa matatu, wa lori la mboga, wa gari la majani chai au wa gari lake mwenyewe, huhitaji waipa nzima kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Hasara ya waipa mbovu inaweza kupigiwa hesabu. Gari la abiria haliruhusiwi kupita kasi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa kasi hiyo, gari hupita karibu mita 22 kila sekunde. Lori likirusha maji ya matope kwenye kioo, na waipa zikose kufanya kazi kwa sekunde 3 tu, dereva atakuwa ameendesha zaidi ya mita 60 bila kuona mbele. Umbali huo unatosha kuwa na mtu anayevuka, bodaboda au gari lililoharibika barabarani.

Hasara nyingine ni ya mfuko. Waipa zikikataa, wamiliki wengi hukimbilia duka la spea kununua mota, ilhali kosa huenda likawa fyuzi ya shilingi chache, waya uliolegea au nati iliyofunguka. Somo hili linaeleza jinsi umeme wa waipa na wa maji ya kioo unavyofanya kazi, sehemu moja baada ya nyingine. Anayeijua njia hiyo anaweza kutafuta kosa kwa utaratibu, au angalau kuelewa anachoambiwa na fundi kabla ya kutoa pesa.

UMEME HUTOKA WAPI NA KURUDI WAPI

Umeme wa gari hufanya kazi kwa mzunguko. Ni lazima utoke upande mmoja wa betri, upite kwenye kifaa kinachotumika, kisha urudi upande wa pili. Mzunguko ukikatika mahali popote, kifaa hakifanyi kazi, hata kama kifaa chenyewe ni kizima.

Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Malori makubwa na mabasi mengi hutumia volti 24. Upande wa chanya wa betri huunganishwa na nyaya, na upande wa hasi hufungwa kwenye bodi ya chuma ya gari. Kwa hivyo bodi yenyewe hutumika kama waya wa kurudisha umeme. Mafundi huita sehemu hiyo "eathi". Eathi ikishika kutu au ikilegea, umeme hukosa njia ya kurudi.

Katika magari mengi, njia ya umeme wa waipa huwa hivi:

1. Umeme hutoka kwenye betri.
2. Hupita kwenye swichi ya ufunguo. Ndiyo maana waipa hazifanyi kazi ufunguo ukiwa umezimwa.
3. Hupita kwenye fyuzi ya waipa.
4. Hufika kwenye swichi ya waipa iliyo kando ya usukani.
5. Huingia kwenye mota kupitia waya wa mwendo wa polepole au waya wa mwendo wa kasi.
6. Hutoka kwenye mota, huingia kwenye bodi kupitia eathi na kurudi kwenye betri.

Katika magari mapya zaidi, swichi haibebi umeme wote wa mota. Hutuma ishara kwa relei au kwa kompyuta ya gari, nayo ndiyo huwasha mota. Hata hivyo kanuni ni ileile: umeme utoke, upite, urudi.

KAZI YA FYUZI NI KULINDA WAYA

Fyuzi ni kipande chembamba cha chuma kilichofungiwa ndani ya plastiki. Umeme ukizidi kipimo, kipande hicho huyeyuka na kukata njia. Wengi hudhani fyuzi huwekwa ili kulinda mota. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya usipate moto.

Fyuzi nyingi za magari ya leo ni za bapa na rangi yake huonyesha kipimo. Nyekundu ni ya ampea 10, buluu ni 15, manjano ni 20, nyeupe inayopitisha mwanga ni 25, na kijani ni 30. Kipimo cha fyuzi ya waipa hutofautiana kutoka gari moja hadi jingine, kwa hivyo dereva anapaswa kusoma mchoro ulio kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi au kitabu cha gari.

Fyuzi inapoungua, wapo wanaofunga waya wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara badala yake. Wengine huweka fyuzi kubwa zaidi "ili isiungue tena". Hili ni jambo la hatari. Umeme ukiongezeka mara mbili kwenye waya uleule, joto huongezeka mara nne. Anayetoa fyuzi ya buluu ya ampea 15 na kuweka ya kijani ya ampea 30 ameruhusu waya huo kupata joto mara nne ya lile lililokusudiwa kabla njia haijakatika. Plastiki ya waya huyeyuka, nyaya hugusana, na moto unaweza kuanzia nyuma ya dashibodi, mahali ambapo dereva hauoni hadi moshi utokee.

NDANI YA MOTA YA WAIPA

Mota nyingi za waipa zina sumaku za kudumu zilizopangwa kwa ndani, na katikati kuna mhimili uliozungushiwa waya wa shaba. Umeme huingia kwenye waya huo kupitia vipande vya kaboni viitwavyo brashi, ambavyo huugusa mhimili unapozunguka. Waya wenye umeme hugeuka kuwa sumaku, husukumana na sumaku za kudumu, na mhimili huzunguka.

Mhimili huo huzunguka haraka mno kwa kazi ya kufuta kioo. Kwa hivyo ncha yake huchongwa kama parafujo na husukuma meno ya gurudumu kubwa lililo ndani ya kisanduku cha gia. Mwendo hupungua, lakini nguvu huongezeka. Gurudumu hilo huzungusha mkono mfupi wa chuma, na fito zilizounganishwa nao hugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kwa kawaida waipa hufuta kioo karibu mara 45 kwa dakika katika mwendo wa polepole, na karibu mara 65 katika mwendo wa kasi.

Miendo hiyo miwili hutoka kwa mota moja yenye brashi tatu. Brashi moja ni ya eathi. Ya pili imewekwa upande unaokabiliana nayo na huleta mwendo wa polepole. Ya tatu imesogezwa pembeni kidogo. Umeme ukipitia brashi hiyo ya tatu, sehemu ya nyaya za mhimili huachwa nje ya kazi, na mota hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi.

Kuna jambo jingine muhimu kuhusu mota. Inapozunguka, hujizalishia umeme wake unaopingana na ule unaotoka kwenye betri, na upinzani huo huzuia umeme usizidi. Mota ya waipa inayofanya kazi bila taabu inaweza kutumia ampea 4 hivi, yaani wati 48 kwa betri ya volti 12. Lakini ikikwama, upinzani huo hutoweka na umeme hupanda mara kadhaa. Hivyo ndivyo fito zilizoshika kutu, tope lililokauka au mpira ulionata kwenye kioo unavyoweza kuunguza fyuzi, ingawa hakuna waya wowote wenye kasoro.

WAIPA HUJUAJE MAHALI PA KULALA

Dereva akizima waipa zikiwa katikati ya kioo, hazisimami papo hapo. Humaliza safari yake na kulala chini. Kazi hii hufanywa na kisahani chenye njia za umeme kilicho ndani ya kisanduku cha gia.

Waipa zikiwa mbali na mahali pa kulala, kisahani hicho hupitisha umeme kwa waya wa pekee hadi kwenye mota, hata kama swichi imezimwa. Zikifika chini, kisahani hukata umeme na kuunganisha mota na eathi. Mota ambayo bado inazunguka hugeuka kuwa kizuizi chake yenyewe na kusimama mara moja.

Hii ndiyo sababu gari ambalo waipa zake hufanya kazi vizuri lakini husimama katikati ya kioo zinapozimwa halihitaji mota mpya kwa haraka. Mota imeonyesha kuwa ni nzima. Kinachofaa kuchunguzwa ni kisahani cha kulazia waipa, waya wake na swichi.

KUFUTA KWA VIPINDI

Manyunyu ya Limuru hayahitaji waipa zifute bila kupumzika. Kioo kikikauka, mpira hukwaruza na kulia. Kwa hali hiyo magari mengi yana mwendo wa vipindi, ambapo waipa hufuta mara moja, hupumzika sekunde chache, kisha hufuta tena.

Mmarekani Robert Kearns aliomba hataza ya mfumo wa aina hiyo mwaka 1964, baada ya kufikiria jinsi kope za macho zinavyopepesa kwa vipindi. Mfumo wake ulitumia kifaa kinachojaa umeme polepole. Kikijaa, huwasha mota kwa muda mfupi. Kisahani cha kulazia huchukua kazi kutoka hapo na kumaliza mzunguko. Leo saa hiyo ya vipindi huwa ndani ya relei au kompyuta ya gari. Kwa hivyo ikiwa mwendo wa polepole na wa kasi yote ni mizima na vipindi pekee ndivyo vimekufa, relei ndiyo ya kushukiwa kwanza.

MAJI YA KIOO

Waipa bila maji hueneza matope tu. Mtungi wa maji huwa chini ya boneti au nyuma ya tairi la mbele, na sehemu yake ya chini huwekwa pampu ndogo ya umeme. Dereva akivuta swichi, umeme hufika kwenye pampu, nayo husukuma maji kupitia paipu nyembamba hadi kwenye matundu yanayorushia kioo. Katika magari mengi, relei huwasha waipa wakati huohuo ili zifute mara chache na kulala. Vali ndogo kwenye paipu huzuia maji kurudi mtungini, ili yawe tayari dereva atakapoyahitaji tena.

Pampu hii hutegemea maji yaleyale kuipoza na kuilainisha. Kuivuta mtungi ukiwa mtupu huiharibu, na hata ukiwa na maji haifai kuwashwa kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Maji yawe safi. Maji ya mtoni yenye mchanga huziba matundu na hula pampu.

Sikio hutoa jibu la kwanza hapa. Pampu ikinguruma bila maji kutoka, umeme umefika, na kosa ni mtungi mtupu, paipu iliyochomoka au tundu lililoziba. Tundu linaweza kuzibuliwa kwa pini. Pampu ikiwa kimya kabisa, tafuta fyuzi, swichi, waya au pampu yenyewe.

KUTAFUTA KOSA KWA UTARATIBU

Kifaa cha kutosha kwa kazi nyingi ni testa ya taa ya gari. Multimita ni bora zaidi. Utaratibu ni kuanza na lililo rahisi na la bei ndogo.

Waipa zimekufa kabisa. Washa ufunguo, kisha gusa pande zote mbili za fyuzi kwa testa. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja, fyuzi imeungua. Isipowaka popote, umeme haufiki kwenye fyuzi.

Fyuzi mpya inaungua tena. Chomoa plagi ya mota na uweke fyuzi nyingine ya kipimo kilekile, kisha washa swichi. Ikiungua, kuna shoti kwenye nyaya. Isipoungua, kosa liko kwenye mota au kwenye fito zilizokwama.

Fyuzi ni nzima lakini mota iko kimya. Pima plagi ya mota swichi ikiwa imewashwa. Umeme ukikosekana, kosa liko kati ya fyuzi na plagi. Umeme ukiwepo, safisha na ukaze eathi kabla ya kuilaumu mota.

Mwendo mmoja unafanya kazi na mwingine haufanyi. Fyuzi na eathi ni nzima, kwa sababu miendo yote miwili huzitumia. Kosa ni swichi, waya wa mwendo huo au brashi yake.

Mota inanguruma lakini waipa moja haisogei. Umeme hauna kosa. Nati ya mkono wa waipa imelegea au meno yake yamelika.

Waipa zinakwenda kwa uvivu. Pima volti kwenye plagi zikiwa zinafanya kazi. Ikiwa betri ina volti 12.6 na kwenye plagi kuna 10 pekee, volti 2.6 zinapotea njiani kwa sababu ya kutu au muunganisho uliolegea. Volti zikiwa nzuri upande huo, pima eathi, kisha fito.

TAHADHARI NA MATUNZO

Kabla ya kugusa fito au mikono ya waipa, zima na utoe ufunguo. Fito zina nguvu ya kuvunja kidole, na waipa za vipindi zinaweza kusogea ghafla. Usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi, kwa maana mchanga hukwaruza kioo na mota hulemewa. Rusha maji kwanza. Ondoa majani yanayojaa chini ya kioo, kwa kuwa huziba njia za maji, na maji hayo huishia kwenye mota na plagi zake. Mpira uliopasuka au unaoacha mistari ubadilishwe kabla ya mvua.

Gari likiwa na waipa mbovu na mvua ikianza njiani, dereva apunguze mwendo, awashe taa, aegeshe mahali salama nje ya barabara na kusubiri. Kumtoa utingo dirishani afute kioo kwa kitambaa gari likiwa linaenda ni kuhatarisha maisha yake.

Waipa ni miongoni mwa vitu vinavyoangaliwa gari linapokaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, na magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka. Ni vyema kuzijaribu wiki kadhaa kabla ya ukaguzi, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta kosa bila haraka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Waipa za lori dogo hufanya kazi katika miendo yote, lakini zikizimwa husimama katikati ya kioo. Je, mota ibadilishwe?
2. Fyuzi ya ampea 15 imeungua na dukani kuna za ampea 30 pekee. Dereva afanye nini?
3. Pampu ya maji inanguruma lakini kioo hakipati maji. Je, fyuzi imeungua?

Majibu

1. La. Mota ni nzima. Chunguza kisahani cha kulazia waipa, waya wake na swichi.
2. Asiweke ya ampea 30. Atafute ya ampea 15, na achunguze kilichoiunguza ile ya kwanza.
3. La. Pampu isingenguruma kama fyuzi ingekuwa imeungua. Angalia mtungi, paipu na matundu.